Marobota ya Mama Nani

Jumanne ile nilikuwa na tiketi mfukoni, suti mpya ndani ya mfuko wa nailoni, na siku tatu tu zimebaki nioe. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye, "Sasa wewe Mbarak, kilichokuchelewesha kusema nini?" Kilichonichelewesha ni woga.

Ndoa ilikuwa Ijumaa, kwetu Unguja, mara baada ya sala ya Ijumaa, wiki mbili kabla ya Ramadhani ya mwaka tisini na tisa. Ilishaahirishwa mara mbili, na zote mbili kwa ajili yangu: ya kwanza mitihani ya chuo, ya pili kontena la mteja lililokwama forodhani. Baba wa mchumba wangu Swalha, Mzee Marijani, aliniambia kwenye simu kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko kama angenifokea: "Mwanangu, mara ya tatu sina. Watu wangu nitawaambia nini?" Nikamwapia kwa Mungu. Treni yangu ya Hong Kong ilikuwa Jumatano asubuhi, na kutoka huko ndege.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Haidar, wakala wa mizigo, Mzanzibari mwenzangu, ofisi yake chumba kimoja ghorofa ya tano pale Guangzhou, China, barabara ya Huanshi Zhonglu. Haidar alikijua Kichina cha kuombea bei, kukisoma hapana. Mimi nilisoma chuo hapohapo Guangzhou miaka mitano, kwa hiyo nilikisema na kukisoma, na juu ya hapo nilikuwa na majivuno ya kompyuta. Majivuno hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Zamani majina ya wenye mizigo yaliandikwa kwenye marobota kwa brashi na wino. Mimi nikaandika skripti, programu fupi ya kompyuta, nikaiita lebo. Unaipa amri kwa mstari mmoja tu:

lebo -j Rotich -b Mombasa -i 40

Herufi j inangoja jina la mwenye mzigo, b inangoja bandari, i inangoja idadi. Kila herufi inachukua neno linaloifuata, hilo ndilo thamani yake, basi printa inaanza makelele yake na lebo arobaini za kunata zinatoka, juu ROTICH, chini MOMBASA. Wateja walikuwa wanasimama nyuma yangu kutazama. Sikuwafukuza.

Mwanzoni skripti ilikuwa na adabu zake. Ikikuta neno isilolijua ilisimama, ikaandika kwenye kioo: "Neno hili silijui, angalia amri yako." Haidar hakuipenda tabia hiyo. Akikosea kidogo tu, mashine inamgomea. "Hii mashine yako mbona inanigombeza mbele za watu?" alisema siku moja, uso umemvimba. Ili kumridhisha nikaongeza mstari mmoja: neno lolote usilolijua, liruke, endelea, usiseme kitu. Dakika mbili zilinichukua. Miezi miwili mizima mambo yakaenda sawa, maana wateja wetu walikuwa wanaume, Rotich, Sammy, Abdulsamad, kila mmoja na neno lake moja.

Ndipo wakaja wanawake tisa kutoka Unguja, wakiongozwa na Bi Kazija, wafanyabiashara wazoefu ambao walizoea kununua Dubai. Walichanga kontena moja, nguo za sikukuu ya Idd, marobota mia mbili na kumi na nne. Nilipotoa daftari niwaandike, hakuna hata mmoja aliyenitajia jina la kwenye pasi.

"Niandike Mama Kauthar," alisema Bi Kazija. "Hilo jingine hata mchukuzi wangu wa bandarini halijui."

Wenzake wakafuata, Mama huyu, Mama yule, wote tisa. Na kweli, kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto wake, sokoni, msikitini, hospitali. Nikaandika orodha ya mistari tisa, nikaiamuru kompyuta isome mstari mmoja mmoja na kuupeleka kwa ile skripti, nikaondoka kwenda kukata tiketi yangu. Niliporudi, karatasi zilikuwa zimejikunja vizuri ndani ya boksi chini ya printa. Nikalifunga boksi, nikalipeleka kwenye ghala la Bwana Chen. Vijana wake wakabandika, wakapitisha utepe wa plastiki juu yake. Wao wanasoma Kichina, herufi zetu kwao ni michoro. "Mei wenti," alisema Chen, hakuna tatizo. Wale wanawake wakapanda ndege kurudi nyumbani, akabaki Bi Kazija peke yake, ana shughuli zake mpaka mwisho wa wiki.

Sasa Jumanne yenyewe. Saa tano asubuhi Haidar kashuka chini kunywa supu, mimi nasafisha meza nimwachie ofisi safi. Nikaona karatasi imenasa kwenye roli ya printa. Nikaivuta. Lebo mbili zilizobaki. Ya kwanza: MAMA, chini yake ZANZIBAR. Nikacheka. Nikatazama ya pili. MAMA. ZANZIBAR.

Nilikaa kwenye kiti taratibu, nikaandika amri kwa mkono wangu, lebo moja tu ya majaribio, Mama Kauthar. Printa ikakoroma. MAMA.

Jambo lenyewe dogo hata kulieleza ni aibu. Kwa kompyuta, nafasi tupu ndiyo mwisho wa neno. Jina la maneno mawili lazima ulifunge ndani ya alama za kunukuu ili lihesabike kitu kimoja. Mimi sikulifunga. Herufi j ikachukua "Mama", ikashiba. "Kauthar" likabaki limesimama peke yake, neno lisilojulikana, na ule mstari wangu wa kumridhisha Haidar ukaliruka kimya kimya. Mara tisa. Na kule kwenye ghala yalikuwapo marobota mia mbili na kumi na nne, yote ya Mama, na hakuna wa kusema mama nani.

Kontena lingefungwa saa nane mchana na kupelekwa bandari ya Huangpu. Vijana wa Chen walishapakia tangu jana, na wao hupakia kwa ukubwa, makubwa chini, madogo juu, kwa hiyo mizigo ya watu tisa ilishachanganyika. Nikajiambia, basi nitatuma faksi Unguja, watajuana kwa vilivyomo ndani. Vilivyomo ndani! Wanawake wale walizunguka pamoja wiki mbili. Mmoja akinunua gauni la bluu lenye shanga, wote wanalitaka. Suruali za jinzi walizifuata Xintang kwenye karakana moja, siku moja, kwa fundi mmoja. Ukiyafungua marobota yale pale bandarini utakuta gauni la bluu ndani ya kila la tatu, na wanawake tisa wameshikana shingo, wakati Idd inakaribia.

Njia ya kuyatambua ilikuwapo, ila ilikuwa mkononi mwangu. Kila kiwanda huandika namba yake kwa brashi ubavuni mwa robota, kwa Kichina, na mimi nilipoyapokea nilizinakili namba hizo kwenye daftari langu, mbele ya jina la kila mwanamke. Kuyarekebisha maana yake kontena lisimame, lishushwe, yapitiwe moja moja, lipakiwe upya. Meli ya leo itaondoka bila sisi. Meli nyingine Jumamosi. Na Ijumaa mimi naoa.

Nikatazama saa. Tano na dakika ishirini. Nitasema kweli: mawazo yangu yote yalikuwa ya kukimbia. Hakuna aliyejua. Kesho saa hizi niko Hong Kong. Meli itachukua karibu mwezi kufika, na mimi nitakuwa nimeshaoa, tena nitakuwa hukohuko Unguja, nitasema printa iliharibika, nitasaidia kupambanua. Nikazichana zile lebo vipande vipande, nikavitia mfukoni badala ya kuvitupa kwenye pipa. Nikafungua dirisha. Nikalifunga.

Mlango ukagongwa. Bi Kazija.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana harusi!" Alikuwa amekumbatia boksi kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na vikombe kumi na viwili vya kahawa, kila kimoja amekizungushia gazeti la Kichina. "Hivi vyako na mkeo. Usivipakie kwenye begi la chini ya ndege, wahuni wa uwanjani watavivunja. Mzigo wetu umeshaingia kwenye kontena?"

"Umeingia," nikasema. Si uongo. Umeingia kweli. Nikamtilia chai.

Alikaa, akapuliza chai yake, akaanza kuzungumza kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. "Unajua, mwanangu, miaka yote Dubai nilikuwa natia alama mwenyewe. Robota la mwisho sijaliona na jina langu, siondoki, hata jua liniwakie. Safari hii nikasema, aa, kuna kijana wetu, msomi, ana mashine yake. Nikaenda zangu nikalala. Nimelala usingizi, we!"

Nilitamani anyamaze. Alikunywa funda moja, la pili. Nikaitazama mikono yake, imechubuka kwa kamba za marobota, na maneno yakanitoka kabla sijayapanga.

"Mama, lebo zimeharibika."

Hakuelewa. Nikatoa vile vipande mfukoni, nikaviunganisha juu ya meza mbele yake. Akaisoma ile lebo kwa kidole.

"Huyu mama nani?"

"Nyote."

Akaweka kikombe chini. Nikamweleza, haraka haraka, jina na nafasi na neno lililorukwa, nikijisikia mjinga kwa kila sentensi. Hakuniuliza habari za kompyuta hata kidogo.

"Nilipoingia hapa, ulikuwa ushajua?"

"Ndiyo, mama."

"Ukanipa chai."

Akasimama, akaenda mlangoni, akamwita Haidar kwa sauti iliyosikika ghorofa zote tano.

Haidar alipanda mbio, mdomo bado una mafuta ya supu. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilitarajia matusi, hakutukana. Alichukua simu akampigia Chen, Kichina chake chote cha sokoni kikamwishia katika maneno matatu, akanikabidhi mimi. Nikamwambia Chen asifunge kontena. Chen akapiga kelele kwamba dereva ameshawasha gari. Nikamwambia azime. Akasema leo na kesho ghala limejaa, hana pa kushushia kitu, mpaka Alhamisi. Nikakubali Alhamisi. Saa ilikuwa sita na nusu.

Nilipoweka simu nikaanza kujitetea. Nikasema skripti nitairekebisha sasa hivi, lebo mpya zitatoka leo hii. Nikasema nitakaa mpaka usiku niandike orodha kwa Kichina, namba ya kiwanda huku, lebo ya kubandika huku, vijana wa Chen wafuate tu. Nikasema hata kipofu ataweza.

"Karatasi yako tena mimi siitaki," alisema Bi Kazija. "Nakutaka wewe. Usimame pale, uyaone kwa macho yako, na mimi niyaone kwa yangu."

Nikamgeukia Haidar.

"Miye siwezi kukuzuia kwenda kuoa," akasema. "Tiketi yako, ndoa yako. Amua." Kisha akaenda akageukia dirishani, na hilo likaniuma zaidi kuliko kama angeniamrisha.

Ningeweza kuondoka. Nataka lieleweke hivyo, kwa sababu baadaye watu walinisifu bure kwamba sikuwa na budi. Nilikuwa na budi. Lakini lile neno, ukanipa chai, lilikuwa limenikaa kooni, na nilijua nitakwenda nalo mpaka kwenye chumba cha harusi.

"Nitabaki," nikasema.

Saa saba mchana, kwetu ni saa mbili asubuhi, nikampigia Mzee Marijani kwa simu ya ofisi. Haidar na Bi Kazija hawakutoka nje, na sikuthubutu kuwaomba. Nilimweleza kila kitu.

"Mbarak," akasema mwishowe, "mwanangu kashaanza kupakwa hina."

"Najua, mzee."

"Hujui."

Ndipo nikatoa wazo ambalo nilikuwa nimelishika kama mtu anayezama anavyoshika kamba: ndoa ifungwe kwa wakala. Kaka yangu Sufian asimame badala yangu, aitikie kwa niaba yangu, sheria inaruhusu, na mimi nije wiki inayofuata nimkute mke wangu. Ijumaa ibaki Ijumaa. Watu wapate pilau yao. Mzee akaguna. Akauliza maswali mawili matatu ya mashahidi. Akaguna tena, na mguno wa pili ulikuwa laini.

"Haya. Aibu itapungua. Nikuitie Swalha?"

Nikaogopa. Nilimjua Swalha. Ni mwalimu wa hesabu, barua zake zote zina maswali yaliyopangwa kwa namba, na huwezi kujibu la tatu ukaruka la pili. Sikuwa na nguvu ya kuisikia sauti yake siku ile, baada ya yote.

"Usimsumbue, mzee. Mwambie wewe. Yeye atafahamu."

"Haya," akasema, akakata.

Nikampigia Sufian, nikampa uwakala mbele ya Haidar na wateja wawili Waislamu niliowaita kutoka korido. Kisha nikafungua skripti. Nikayafunga majina ndani ya alama za kunukuu. Nikaufuta ule mstari wa kuruka kimya, nikaweka mwingine: ukikuta neno usilolijua, simama, piga kelele, usichape hata herufi. Haidar alikuwa nyuma yangu anatazama.

Treni ya Jumatano ikaondoka bila mimi. Alhamisi na Ijumaa tulisimama ghalani, mimi na daftari, Bi Kazija na miwani yake, vijana wa Chen wanashusha huku wananung'unika. Nasoma namba ya brashi, natafuta kwenye daftari, nataja jina, kijana anabandika, Bi Kazija anapitisha kidole juu ya jina na kulisoma kwa sauti. Mama Kauthar. Mama Domina, ndiyo, mmoja alikuwa mkwe wa Wamisheni, yaani Wakristo, mwanawe kabeba jina la bibi yake. Robota la mia na sitini halikuonekana saa nzima, kumbe dereva alikuwa amelilalia mchana. Kila nilipotazama saa nilitoa saa tano, nipate saa za kwetu: sasa wanapika. Sasa wanatandika mikeka. Sasa khatibu yuko kwenye mimbari. Bi Kazija, ambaye siku mbili hakunisemesha ila kwa kazi, akaniletea maji.

"Kunywa," akasema. "Saa moja baadaye utakuwa mume wa mtu."

Saa kumi na mbili na nusu jioni, marobota yote yamerudi ndani, Chen anatia kufuli, simu ya mkononi ya Haidar, aliyekuja kuona kontena likifungwa, ikalia. Haidar akanipa bila kuitazama. Alikuwa Sufian, na nyuma yake nikasikia watu wengi, halafu mlango ukafungwa na watu hawakusikika tena.

"Tayari?" nikauliza.

"Mbarak, subiri." Alikuwa anahema. "Shekhe kawapeleka Mzee Marijani na mashahidi kumuuliza bibi harusi kama ameridhia. Unajua inavyokuwa. Mwari anaulizwa, anainamisha kichwa, akinyamaza ndiyo keshakubali, watu wanarudi."

"Ndiyo. Kisha?"

"Hakunyamaza."

Nilisogea mbali na gari. Bi Kazija alinitazama, akayageuza macho.

"Kasema hapana. Mbele ya mashahidi, waziwazi. Baba yake kamuuliza mara tatu. Sasa watu wako nje wanangoja, pilau limeshapakuliwa, mimi nimekaa na joho lako mabegani, sijui niende wapi."

"Mpe simu."

"Baba yake hatakubali—"

"Sufian, nakuomba. Mpe simu."

Ikachukua muda mrefu. Nikasikia hatua, pazia la shanga, wanawake wakinong'ona, mmoja akilia. Halafu pumzi ya mtu aliye karibu.

"Swalha?"

"Nakusikia."

"Swalha, ilinibidi. Kuna wanawake tisa, mizigo yao—"

"Baba kanieleza habari za mizigo," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa sauti ya kusahihisha daftari. "Umefanya vizuri. Ningekuwa mmoja wao ningekushukuru."

"Basi kwa nini umekataa wakala? Ni siku saba tu, Swalha. Ningekuwa nimefika."

"Umempigia baba. Umempigia Sufian. Umewaita na mashahidi huko uliko. Ungeniuliza Jumanne, Mbarak, ningekubali."

Nikafungua mdomo nimuulize pale pale kama anaridhia, lakini alikuwa ameshamrudishia Sufian simu.